Memori Imejaa

Mwenzenu nina simu inayojua maneno mawili tu: "Memori imejaa." Nikitaka kupiga picha, imejaa. Nikitaka kupokea faili la kazini, imejaa. Usiku wa manane nimelala zangu Mkunazini, feni limesimama kwa umeme kukatika, mara inawaka peke yake kama jini, inanikumbusha kuwa imejaa. Imejaa nini? Hapo ndipo penye kisa. Kisa chenyewe kinanitia haya, lakini bora nikiandike kuliko kukaa nacho kifuani.

Siku moja nilikaa nikaipekua. Picha za maua zenye "Asubuhi njema", chungu nzima. Picha za "Ijumaa Mubarak" kutoka kwa watu wale wale, ambao wengine tukipishana Darajani hata kupeana mkono hatupeani. Ujumbe wa "tuma kwa watu kumi, usipotuma utajuta". Kundi la skuli, kundi la mpira, kundi la mtaa, na kundi la harusi ya bwana mmoja ambaye mke keshamwacha zamani, lakini kundi bado lipo na watu bado wanatumiana vichekesho humo. Na vyote hivyo vimeingia kwa bando langu mwenyewe! Bando la siku, nalinunua asubuhi, saa nane mchana halipo. Wenye kukumbuka watakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotoka, nchi nzima ikapiga kelele mpaka zikasitishwa. Tunalia bei ya bando, halafu bando lenyewe tunalimaliza kwa picha za maua.

Katikati ya takataka hizo alikuwemo bibi yangu.

Bibi anakaa Makunduchi, kusini ya Unguja. Tangu miaka ya 1990 analima mwani; anakwenda pwani kwa kalenda ya bamvu na maji mafu, si kwa kalenda ya ukutani. Kusoma meseji hawezi, macho hayampi. Lakini mtoto wa jirani alimfundisha kubonyeza kile kidude cha sauti, na tangu hapo nikawa napata voisi kila wiki. "Mume wangu, umeamka?" Ndivyo alivyokuwa akianza, kwani ndivyo bibi zetu wanavyotutania wajukuu. Halafu linafuata dakika saba, nane, mara kumi na mbili. Jogoo anawika nyuma yake, na yeye anaeleza. Alieleza Mwaka Kogwa wa utotoni mwake, wanaume wanavyopigana kwa makuti ya migomba na wanawake wanavyoimba kuwasimanga. Alieleza mwani ulivyoanza kulimwa pwani za huko mwaka 1989, na wanawake walivyoanza kushika fedha zao wenyewe, na baadhi ya waume walivyonuna. Na alisema Kikae, lugha ya kwao, yenye maneno ambayo sisi wa mjini tukiyasikia tunacheka kwanza, kisha ndio tunauliza maana.

Sasa nikwambieni ukweli wangu. Mimi, ninayejiita mwandishi, nilikuwa nikimsikiliza bibi yangu kwa kasi ya mara mbili. Kuna kitufe hicho, mnakijua. Mtu wa dakika kumi unammaliza kwa dakika tano. Sauti yake inakuwa kama ya panya, na mimi natingisha kichwa huku navaa viatu. Nyengine sikuzisikiliza kabisa. Nilisema, "Ntasikiliza baadae." Baadae yenyewe ndiyo hii.

Ilikuwa usiku, mwanzoni mwa mwaka 2025. Katika kundi la mpira kuna video kila mtu anaicheka, mimi peke yangu haifunguki. Memori imejaa. Simu ikanipa ushauri: futa mafaili makubwa. Ikanipangia yenyewe, makubwa juu, madogo chini. Nikachagua yote kwa mkupuo, nikabonyeza. Video ikafunguka. Mtu anaanguka kutoka kwenye baiskeli. Nikacheka, nikalala.

Baada ya siku tatu nikamkumbuka bibi. Alikuwa kanieleza neno moja la Kikae, la maji ya pwani yanapokupwa yakabaki baina ya vigingi vya mwani, si bahari tena na si nchi kavu bado. Neno moja tu linabeba yote hayo. Nilikuwa nalitaka kwa hadithi ninayoandika. Nikatafuta. Hakuna voisi hata moja.

Nikakimbilia kwa fundi. Fundi akaniuliza, "Ulikuwa unaweka nakala?" Nikasema ndiyo, nakala inajiweka yenyewe. Akafungua, akanionyesha: simu imeambiwa iweke nakala kwenye waifai tu. Na mimi waifai naipatia wapi? Mimi ni mtu wa bando. Nakala ya mwisho ilikuwa kabla bibi hajaanza kunipelekea sauti. Fundi hakunicheka. Alinirudishia simu yangu, akasema pole.

Siku hizo nikawa napenda kukaa Jaws Corner, napiga kahawa. Mahala hapo panajulikana. Watu wanasema jina limetokana na ile filamu ya papa. Pana simu ya zamani imepigiliwa, na maandishi ya Kiingereza kuwa kupiga nchi za nje ni bure. Watalii wanaishika, wanaiweka sikioni, wanapigwa picha. Haina waya. Wazee wanacheza bao na karata, wanajigamba kuwa sisi tulikuwa na televisheni ya rangi miaka ya 1970 wakati Bara wamesubiri mpaka 1994. Sisi vijana tumekaa ubavuni mwao, kila mmoja kainamia yake. Nikajiuliza, baina ya ile simu ya ukutani na hii yangu, ipi hasa haina waya?

Maana mimi hadithi za bibi sikuzipata kwa simu mara ya kwanza. Nilizipata gizani. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Tulikuwa tukitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Bara, na mwaka mmoja kabla, 2008, ulikuwa umeshatuweka kizani karibu mwezi mzima. Waya mpya haukuja mpaka 2013. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Maji hayatoki kwa sababu pampu hazina umeme, jenereta za wenye nazo zinanguruma, na bibi alikuwa kaja kukaa nasi mjini. Kila usiku, kibatari kimoja, bibi na hadithi. Hakuna aliyemwambia aende mbio.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Simu yangu ikanyamaza. Hakuna maua, hakuna kundi. Mambo yalipotulia nikapanda daladala ya Makunduchi, na daftari mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekuja mzima mzima?"

Nikakaa naye mkekani. Nikamuuliza lile neno. Akafikiri. Akaangalia pwani.

"Neno gani? Mie nimesema maneno mangapi."

Nikamweleza: vigingi, maji yaliyobaki. Akatikisa kichwa. Siku hizi anasahau. Hata jina langu mara huliruka, akaita la baba yangu. Halafu akanigeukia, wala hakukasirika, aliuliza tu:

"Si nilikwisha kukupa? Umeliweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambiaje kuwa nililibadilisha kwa mtu anayeanguka kutoka kwenye baiskeli?

Niliandika alichokumbuka, kurasa kumi na moja. Lile neno halimo. Nimewauliza wanawake wengine wa mwani, wawili wamenipa maneno mawili tofauti, na sijui lipi ndilo la bibi. Sasa naenda kila mwezi. Anapozungumza siharakishi kitu, na anaponyamaza nanyamaza naye.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, sisemi mtupe simu. Hata haya nimeyaandika kwa simu. Nasema leo usiku fungueni zile sauti mlizoziweka "baadae". Zisikilizeni kwa kasi ya aliyezisema, na daftari liwe karibu. Memori ya simu ikijaa utanunua kadi nyengine. Ya bibi haijai, inapungua.