Alikuja kwa Sababu Hajui

Irente, Lushoto

Mwanangu mpendwa,

Goti la baba yako limetulia, viazi vimetoka vizuri ila bei wanaipanga walanguzi, na ule mpaka wa shamba la bibi yako bado unasemwa. Mimi nimechoka kuusema.

Ninalokuandikia ni jingine. Nimesikia, tena si kwa mtu mmoja, kwamba yule binti wa jirani anayejifunza kutengeneza tovuti alikuuliza swali kuhusu programu mnayoitengeneza, nawe ukamjibu, "Soma mwongozo." Basi, ukaishia hapo. Mama yake alinieleza baada ya ibada, kwa sauti ya chini, kama anayetaja maradhi.

Nikamwomba binti anioneshe huo mwongozo, maana najua ni wewe uliyeuandika. Mstari wa kwanza unamtaka msomaji asakinishe programu nyingine tatu, bila kusema zinapatikana wapi wala zina kazi gani. Wa pili unamtaka afungue terminali. Ndiyo nini hiyo, na anaipataje? Chini kidogo umeandika kwamba kuanzia hapo mambo ni mepesi. Mepesi kwa nani, mwanangu? Yakimtokea maandishi mekundu, hakuna panapomwambia kama ni kawaida au kama ameharibu. Na hapa kijijini hana wa kumuuliza. Aliyekuwa naye ni wewe.

Ngoja nikupe kisa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baadaye kidogo nami nikawa mwalimu wa kujitolea, msichana mbichi, tukifundisha jioni kwa taa ya karabai. Tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa na cheti cha chuo. Jioni moja mama mmoja mtu mzima akauliza penseli inashikwaje. Mwenzangu akacheka: "Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua!" Yule mama hakujibu. Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake wenzake nao hawakuja, benchi zima likabaki tupu. Nikatumwa kuwafuata. Nilipanda hadi kwake, akanikaribisha uji, nilipoumaliza akaniambia, "Nilikuja kwa sababu sijui. Ningekuwa najua, ningekuja kufanya nini?"

Walirudi kwa sharti nililoliweka mimi: somo la kwanza liwe kushika penseli, kwa darasa zima, hata kwa anayejua. Zilikuwa dakika chache tu, lakini hakuna tena aliyelazimika kunyoosha mkono mbele za watu akiri kwamba hajui. Mama yule alikuja kujisomea mwenyewe barua za mwanawe. Siku ya pongezi aliitwa mbele mwenzangu, akapigiwa makofi. Mimi nilitumwa kuleta viti. Haya, yamepita.

Na si hapa tu. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, vijitabu viliandikwa kwa watu waliojua kusoma juzi tu, na redio ikawafuata huko huko kwenye vikundi vyao. Mwaka 1967 watu wazima nchini wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 hivi. Kufika 1986 walikuwa chini ya 10. Hawakupungua kwa kuambiwa wasome mwongozo.

Narudi kwa binti. Mkae pamoja, yeye mbele ya kompyuta, wewe mikono mapajani na mdomo umeufunga. Kila atakapokwama, andika. Hapo umekosea wewe, si yeye. Mwanzoni kabisa sema msomaji anahitaji awe na nini na ajue nini kabla hajaanza. Kila baada ya hatua, mwambie atakachokiona kama amepatia, na la kufanya kama hakukiona. Binti amenionesha mwongozo wa MDN, wa watengeneza tovuti, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2005: una sehemu nzima ya anayeanza sifuri. Hata ukurasa wa kwanza wa wavuti duniani, wa Tim Berners-Lee, mwaka 1991, ulieleza wavuti ni nini na mtu ataiingiaje. Mwenye kazi yake hakuona haya kueleza. Wewe haya hiyo umeitoa wapi? Herufi nilikufundisha mimi, ukachanganya b na d muda mrefu, na hakuna aliyekucheka.

Mwongozo wako uandike na kwa Kiswahili. Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, kwa hiyo usiniambie maneno hayapo.

Punguza ukubwa wa picha, zinamaliza bando la watu. Na kila picha iwekee maelezo ya maneno: unajua tuna shule ya wasioona hapa Irente, nao wanasomewa na mashine kile kilichoandikwa.



Binti ameshawaambia wazazi wake kwamba kompyuta basi, anataka kwenda kuuza dukani Mombo, na mwenye duka anamhitaji kabla mwezi haujaisha. Mpigie kabla ya Jumapili. Anza na samahani, mambo ya programu yafuate.

Shangazi yako