Mahali Nilipokosa

Nilisema nimekosa. Ndilo neno la kwanza lililonitoka, hata kabla masikio hayajaacha kuvuma. Mjomba alikuwa hatua chache nyuma yangu, amechuchumaa kando ya mti, na mzee aliyekuwa akituongoza alikuwa bado na soksi yake ya majivu mkononi. Kongoni alishapotelea msituni. "Nimekosa," nikarudia, kwa sauti ya mtu anayesikitika.

Lakini risasi niliisikia ikimgonga: pu! kama ngumi kwenye godoro. Na nilimwona akikunja mgongo kabla hajakimbia.

Nilikuwa na miaka 24 wakati huo. Bunduki ilikuwa ya mjomba, niliishika kwa kibali. Leseni ya mnyama mmoja ilikuwa ya jina langu, na nilikuwa nimeikunja mfuko wa shati nikiigusagusa kila baada ya muda kama mtu aliyebeba nauli. Tulikuwa kusini mwa Tabora, upande wa Sikonge, katikati ya miyombo isiyo na mwisho, mwezi wa Agosti, majani yameshaungua na ardhi imebaki nyeusi kwa vipande vipande. Kulenga nilijifunza JKT. Nilikuwa mzuri, sijisifu bure, kikosini kwetu wachache walinizidi. Ila shabaha ya JKT ni karatasi. Haikuangalii, hainusi, na ukiipiga pembeni inakaa palepale ikisubiri uipige tena.

Yule mzee hakuwa na bunduki. Kazi yake ni mizinga ya nyuki, ile ya magome ya miti, aliyoitundika msituni kote huko, na kwa kuwa kila mwaka anaizungukia kwa miguu, hakuna kijito asichokijua. Mjomba humwomba aongozane naye kila akienda kuwinda. Alikuja na kishoka, kamba ya gome, na hiyo soksi ya mtoto iliyojaa majivu. Siku ya kwanza nilipoiona nilidhani ni dawa ya kienyeji. Kumbe ni kipimo cha upepo. Unaitikisa kidogo, majivu yanatoka kama pumzi, unaona yanaelekea wapi. Yakienda kwa mnyama, unarudi, unazunguka, hata kama ni mwendo wa saa nzima.

Niseme pia habari ya koti. Nilinunua koti jipya la bluu iliyoiva, karibu na nyeusi, nikijiona mwindaji kamili. Mzee alilitazama asubuhi nilipomwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza. Kufika saa nne ndorobo walikuwa wamenifunika mgongo mzima. Ukitaka kuwaita ndorobo, vaa bluu au nyeusi. Wenyeji wote wanajua, hata watoto. Wenzangu walikuwa na mashati yaliyopauka, wanapungia nzi mmojammoja. Mimi nilikuwa najichapa kama ninayefukuza mapepo. Ndipo mzee akawasha kinyesi kikavu cha tembo, akanipa nikishike kifuke mbele yangu. Hakusema kitu kuhusu koti. Angesema ingekuwa nafuu.

Jioni hiyo nilimwonyesha nyayo. "Mbichi hizi," nikasema. Akainama, akanionyesha kwa ncha ya kijiti mistari myembamba iliyokatiza juu ya kwato: wadudu wa usiku walikuwa wamepita juu yake. Maana yake mnyama alipita jana, kabla ya giza. "Zilikuwa mbichi," alisema, na mjomba akacheka hadi akakohoa.

Kwa hiyo mnaelewa hali niliyokuwa nayo asubuhi ya siku ya pili, tulipomwona kongoni amesimama juu ya kichuguu. Ndiyo tabia yao, mmoja hupanda juu akalinda wenzake wakila. Mzee alitikisa soksi, majivu yakatujia usoni, vizuri kabisa. Akanyoosha kiganja chini: subiri. Mnyama alikuwa amekaa mshazari, kifua chake kimezibwa nusu na shina. Nilijua maana ya kile kiganja. Nilikuwa nimechoka kuwa kichekesho. Nikafyatua.

Ningesema nimempiga, wangeniuliza wapi. Na ningelazimika kusema sijui, au niseme ukweli, kwamba niliona kwenye darubini tumbo badala ya bega. Kukosa kabisa kulikuwa na heshima zaidi. Kila mtu hukosa. Halafu, na hili nalikiri kwa aibu, aliyekosa bado ana leseni yake mfukoni. Angeweza kutafuta mwingine.

"Mjomba, una hakika?" aliniuliza mjomba. (Yeye nami tunaitana hivyohivyo.)

"Nina hakika."

Mzee alifunga soksi yake taratibu. "Kijana anasema amekosa," akamwambia mjomba, si mimi. "Twende tukaangalie mahali alipokosea."

Kwenye kichuguu hakuokota kitu mara moja. Alizunguka kwa mbali kwanza, asikanyage. Kisha akachukua nywele mbili tatu, fupi, rangi ya mchanga mweupe. Akaziweka kwenye kiganja changu. Hakumwonyesha mjomba. Baadaye ndiyo nilikuja kujua kwamba nywele za mgongo wa kongoni ni nyekundu zaidi, na kwamba zile nyeupe zinatoka chini, tumboni. Siku hiyo hakunifafanulia. Alisema tu, "Tukae."

Nilitaka kukimbia kumfuata. Alikataa. Akasokota tumbaku, akaivuta, akaizima, akakaa. Aliyepigwa mapafuni, alisema, damu yake ina povu na hafiki mbali. Aliyepigwa tumboni ukimfuata haraka anakimbia mpaka kesho. Ukimwacha atatafuta kivuli alale. Basi tukakaa zaidi ya saa moja, mimi nikiwa na zile nywele kiganjani, jasho limezigandisha.

Chuoni nilisoma hadithi ya Hemingway ya mwaka 1936 kuhusu Francis Macomber, yule tajiri wa Marekani anayejeruhi simba kisha anapendekeza wamwache hukohuko kichakani. Tulimcheka sana darasani. Niliandika hata insha kuhusu woga wake. Nikiwa pale nilikumbuka kwamba Macomber angalau alikiri kwamba simba amepigwa. Na nikakumbuka kitu kingine: katika vitabu vile vyote vya mawindo ya Afrika nilivyovisoma, mwenye bunduki ndiye mwenye hadithi. Mtu anayesoma nyayo yupo, lakini ni kama gari tu, linampeleka mwenye hadithi anakokwenda.

Tulipoanza kufuata, damu ilikuwa kidogo na nyeusi, tone hapa, mpako kwenye jani kule, kwa kimo cha goti na kitu kidogo juu yake. Tulifika mbuga iliyoungua, na hapo kila kitu kikapotea, kwa sababu damu juu ya jivu jeusi haionekani. Mzee akarudi kwenye tone la mwisho, akanivuta bega akanisimamisha kando yake.

"Simama hapo. Usihame."

Nikadhani ni kwa dakika chache. Wao wakaanza kuzunguka, duara dogo, kisha kubwa zaidi, na kila walipopotea nyayo walirudi kunitazama mimi ili wajue walipoanzia. Nilikuwa kigingi. Kama ningesogea hatua tano wangepoteza kazi yote. Jua likapanda hadi utosini. Ndorobo wakanikuta, na lile koti langu, nami sikuweza hata kuwakimbia. Maji alikuwa nayo mjomba. Nilitaka kupiga kelele kwamba nimempiga, nilijua tangu mwanzo, nisameheni. Hakukuwa na mtu wa kunisikia. Kwa hiyo nilisimama, nikitazama tone moja la damu kwenye jani la ukubwa wa sarafu, mpaka likakauka na siafu wakaanza kulibeba.

Mluzi wa mzee niliusikia saa tisa hivi.

Alikuwa amelala chini ya mti ng'ambo ya mbuga, kichwa bado kiko juu. Alijaribu kuinuka akashindwa. Mjomba alinyoosha mkono kuchukua bunduki, na kwa kweli nilikuwa tayari kumpa, lakini mzee akasema, "Mwache mwenyewe." Nikalenga. "Sogea," akasema. Nikasogea. "Sogea tena." Alinisogeza mpaka nikaziona kope zake, na nzi waliotua kwenye kope, na jinsi alivyopepesa. Hapo ndipo aliponiruhusu.

Nilipoweka bunduki chini nilimwambia mjomba. Niliposema "nilijua," aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kunoa kisu. Sijui alijua tangu lini. Sehemu ya nyama ilikuwa imeharibika kwa uchafu wa tumbo, ikabidi itupwe, na mzee aliikata kwa uangalifu, hakutupa hata kidogo kilichofaa. Kijijini watu walipouliza, alisema, "Kijana alimpiga, tukamfuata." Ni kweli tupu, neno kwa neno. Wakanipongeza. Nilimwangalia mzee anitazame, hakunitazama.

Nilimpa lile koti wakati wa kuagana, kama zawadi. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema atamvalisha sanamu ya kufukuza nyani shambani.

Mwaka uliofuata sikuomba leseni. Nilikwenda Juni, wakati wa kurina asali, nimevaa shati la kaki lililopauka, na kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo. Mzinga wa kwanza ulikuwa juu sana, kwenye tawi la mti ambao jina lake nimesahau tena ingawa aliniambia mara mbili. Akafunga kamba ya gome kiunoni, akawasha mwenge wa moshi, akatazama chini ya mti, akatikisa soksi yake, akatafuta mahali.

"Simama hapo," akaniambia. "Usihame."

Nyuki walianza kunguruma. Nikasimama.