Pua ya Simba

Simba, mbwa wangu, alikufa kwa uzee, na kwa hilo sina ugomvi na mtu. Ninachokililia ni pua yake, iliyotangulia kufa.

Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Sisi tuna milioni chache tu. Sasa jioni moja nikamwekea posho na mukene, wale dagaa ambao wakichemshwa hapa kwetu Makindye hata jirani wa nyumba ya tatu anajua, naye akasimama juu ya sahani asijue kuna chakula. Nilimpaka mchuzi mdomoni ndipo akaanza kulamba.

Kamasi zilikuwa zikimtoka kwa miezi, tundu zote mbili, mara nyingine zikiwa na damu. Nilitafuta wa kumlaumu: vumbi jekundu la Januari, moshi wa takataka zinazochomwa kando ya barabara, mbegu ya nyasi, jino bovu. Antibiotiki zilimpa nafuu kidogo, kisha chafya zikarudi. Hatimaye daktari wa mifugo alimpiga nusukaputi, akamkagua meno, akakata vipande vidogo ndani ya pua vikapimwe. Havikuonyesha kuvu wala saratani. Vilijaa limfosaiti na seli za plazima, yaani askari wa mwili wake mwenyewe.

Hapo ndipo paliponiuma. Kinga huitwa kupambana na mvamizi, na akishashindwa hutulia. Hii haikutulia. Uvimbe wa muda mrefu unaweza kula hata vile vifupa vyembamba vilivyojikunja ndani ya pua, na hewa ikakosa njia nzuri ya kufika kule nyuma harufu zinakotambuliwa. Wataalamu hushuku kwamba mwili huchokozwa na vitu vinavyovutwa pamoja na hewa, au na vijidudu vya kawaida visivyo na kosa, lakini chanzo hakijathibitishwa. Steroidi huweza kutuliza, lakini kuponya ni nadra.

Aliyegongewa mbwa wake na bodaboda ana pa kupeleka hasira. Mimi nimshtaki nani? Kinga ileile iliyomponya majeraha yote ya ujana wake?

Wewe ambaye mbwa wako anatokwa na kamasi mwezi mzima, usiridhike na sindano nyingine ya antibiotiki. Omba akaguliwe meno na kinyama cha pua kipimwe, angali ananusa.