Barua kutoka Nairobi: Njia za Miguu, Arboretum hadi Ngong

Njia za matembezi za Nairobi zimejipanga kutoka katikati ya jiji kuelekea magharibi, na kadiri mtu anavyosogea ndivyo ardhi inavyopanda. Jiji lenyewe liko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima ya Ngong, mwisho wa safari, hufika mita 2,460. Mtu wa Tanga aliyezoea Usambara hapungukiwi na mlima huku. Anachokosa ni upepo wa bahari, na kilicho kigeni kwake ni geti.

Njia ya kwanza iko Arboretum, jirani na Ikulu. Bustani hii ya hekta 30 hivi ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni, kwa kuwa reli ilihitaji kuni nyingi za kuendeshea garimoshi. Wasomaji wa Muheza wanayo dada yake mkubwa: bustani ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa majaribio ya mimea. Wikendi, Arboretum hujaa familia na watu wanaokwenda kusali chini ya miti.

Barabara ya Ngong huendelea magharibi, ikipita Dagoretti Corner, hadi Msitu wa Ngong Road karibu na uwanja wa mbio za farasi. Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na tangu hapo umemegwa mara kwa mara. Barabara ya Southern Bypass nayo imepita ndani yake. Karura, msitu mwingine kaskazini mwa jiji, ingemegwa vivyo hivyo kama mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wasingeipigania. Januari 1999 walishambuliwa walipokwenda kupanda miti huko. Leo Karura ina uzio, geti na kiingilio.

Ukirudi Barabara ya Ngong, mtaa wa Karen una njia ya Oloolua, katika ardhi ya taasisi ya utafiti wa nyani. Hushuka hadi Mto Mbagathi, penye maporomoko madogo, mafunjo na pango linalosemekana lilikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau.

Matatu namba 111 kutoka katikati ya jiji huishia mji wa Ngong. Juu yake kuna mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme, na kutoka hapo njia hufuata mgongo wa milima hadi Kona Baridi, kilomita 10 hivi za kupanda na kushuka. Mashariki huonekana jiji, magharibi Bonde la Ufa. Njia haina kivuli, na upepo ni mkali, hivyo maji, kofia na koti havikosi kuhitajika. Kiingilio hulipwa getini, na vikundi vingi huomba askari wa misitu wawasindikize.

Lushoto, huko Usambara, njia ya Irente ni ya wenyeji kwanza: wakulima na watoto wa shule huipita kila siku, watalii hufuata nyuma. Nairobi, njia ni ya matembezi tu, hulipiwa na hulindwa, kwa sababu uzio ulikuja baada ya misitu kumegwa au kunusurika kumegwa. Watu wa Usambara wana nafasi ya kuilinda misitu yao mapema, bila kumfungia njia mwenye shamba.