Unga Mweupe wa Plasta na Vita Dhidi ya Vijidudu

Katika sanduku la huduma ya kwanza la askari aghalabu haikosi plasta nyeupe ya kunata. Nyumbani nako akina mama wengi wanaijua kalamini, dawa ya rangi ya waridi wapakwayo watoto wenye harara. Vitu hivi viwili ni ndugu, maana kalamini na gundi ya plasta nyingi za namna hiyo zina unga mweupe uitwao oksidi ya zinki. Zinki ni metali ile ile ipakwayo juu ya mabati ya nyumba yasishike kutu. Ikiungana na oksijeni huwa unga huo.

Siku hizi unga huu wa zamani unachunguzwa kwa kazi mpya. Wataalamu huutengeneza ukawa laini mno, kila chembe isizidi nanomita 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Bakteria wengi wana urefu wa nanomita 1,000 au zaidi, hivyo chembe hiyo kando ya bakteria ni kama embe kando ya gunia. Chumvi iliyotwangwa huyeyuka chunguni upesi kuliko bonge zima. Vivyo hivyo, unga ukizidi ulaini nguvu yake huongezeka. Chembe hizo hutoa zinki nyingi kuliko bakteria awezavyo kustahimili, huzalisha oksijeni ya namna kali iunguzayo, tena huutoboa utando wake wa nje.

Haja ya silaha mpya ni kubwa. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, lakini tangu hapo vijidudu vingi vimejifunza kuzishinda dawa. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya usugu huo. Askari aweza kuinusurika risasi, kisha akashindwa na kidonda. Kwa kuwa chembe za zinki hushambulia kwa njia kadhaa pamoja, ni vigumu zaidi kwa bakteria kuzizoea, ingawa si muhali.

Kwa upande wa saratani, oksidi ya zinki huyeyuka upesi penye uchachu, na uvimbe wa saratani mara nyingi umezungukwa na uchachu. Katika vyombo vya maabara seli nyingi za saratani zimekufa kwa njia hiyo. Lakini chombo cha maabara si mwili wa mtu. Unga uuao seli mbovu waweza kuua na nzima. Mafundi wa kuchomelea vyuma vilivyopakwa zinki wanaijua homa inayowapata jioni baada ya kuvuta moshi wake.

Mfano wa chembe zilizofika kwa wagonjwa ni zile za oksidi ya chuma, zilizotengenezwa Ujerumani na kuruhusiwa Ulaya mwaka 2010 kwa uvimbe wa ubongo. Chembe zilidungwa ndani ya uvimbe, kisha sumaku yenye kubadilika-badilika ikazipasha moto, pamoja na tiba ya mionzi. Dawa ya moto ni moto. Hata hivyo, wagonjwa waliojazwa meno kwa metali karibu na mahali pa tiba iliwabidi waondolewe metali hiyo kwanza. Kazi kama hiyo yataka hospitali na madaktari bingwa. Haifanyiki kwa kijiko.

Kwa hiyo yeyote apitaye mitaani akinadi unga wa madini wa kunywa kuwa unaponya saratani, anauza matumaini ya wenye shida. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mama aliyeona kivimbe katika titi aende hospitali kingali kidogo. Aliyepewa vidonge vya siku saba avimalize vyote saba, asimgawie jirani. Na kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni kabla ya plasta kubandikwa.