Kiti alichokikosa Obama

Chemsha bongo ya leo: ni mwanasiasa gani pekee aliyewahi kumbwaga Barack Obama kwenye uchaguzi? Nimewauliza jamaa zangu kadhaa wa chumba cha habari, watu wanaokula siasa asubuhi, mchana na jioni. Wengi wanaanza na Hillary Clinton. Hapana, huyo ndiye aliyebwagwa. Jibu ni Bobby Rush, mbunge wa kusini mwa jiji la Chicago, aliyemgaragaza Obama Machi 2000 kwa asilimia 61 dhidi ya 30. Yaani mara mbili, na chenji inabaki.

Neno "jimbo" litatuchanganya hapa, kwa sababu Illinois yenyewe tunaiita jimbo. Kwa hiyo tuelewane: nikisema jimbo la kwanza nina maana ya jimbo la uchaguzi, kama tunavyosema jimbo la Kawe au Ubungo. Illinois imegawanywa katika majimbo kadhaa ya namna hiyo, kila moja linapeleka mtu mmoja kwenye Baraza la Wawakilishi kule Washington. Hili namba moja, la Chicago kusini, tangu 1929 limekuwa likiwakilishwa na Mweusi bila kukatika. Hakuna jingine Marekani lenye rekodi ndefu kama hiyo.

Ila kilichonifanya nilifuatilie ni jambo jingine. Katika historia yote hiyo, uchaguzi mkuu haukuwa na maana kubwa. Tangu 1934 hajashinda Republican hata mmoja pale. Ukishapata tiketi ya Democrats umekwisha kuwa mbunge, unasubiri kuapishwa tu. Sasa niambie kama hujawahi kuona majimbo ya aina hiyo karibu na kwenu.

Aliyefungua mlango ni Oscar De Priest, mzaliwa wa Alabama, Republican (wakati ule Weusi wengi walikuwa chama cha Lincoln). Mwaka 1915 alikuwa Mweusi wa kwanza kuwa diwani Chicago. Mwaka 1928 mbunge Mzungu wa jimbo hilo, Martin Madden, alifariki baada ya kushinda kura za mchujo, na viongozi wa chama wa kata wakakaa wakampa De Priest nafasi yake kwenye karatasi ya kura. Hakuna mwanachama wa kawaida aliyeulizwa. Akashinda kwa tofauti ndogo, huku akiwa na mashtaka ya kuhusishwa na kamari na magenge, mashtaka yaliyofutwa mwaka uliofuata. Tangu 1901 Baraza lilikuwa halijapata Mweusi hata mmoja. Siku ya kuapishwa Spika aliwaapisha wabunge wote kwa pamoja, badala ya mafungu mafungu kama ilivyozoeleka, ili wale wa kusini wasipate nafasi ya kumwekea pingamizi.

Kwa nini Chicago na si kusini walikokuwa Weusi wengi zaidi? Kusini walizuiwa kupiga kura. Waliohamia Chicago kutafuta kazi waliruhusiwa kupiga kura, lakini hawakuruhusiwa kuishi wanakotaka, kwa hiyo wakabanwa kwenye mitaa ile ile ya kusini mwa jiji. Ubaguzi wa nyumba ukawakusanyia kura sehemu moja.

De Priest aliangushwa 1934 na Arthur Mitchell, Mweusi wa kwanza kuingia bungeni kwa tiketi ya Democrats. Ulikuwa wakati wa mdororo, watu hawana kazi, Rais Roosevelt anagawa misaada, na De Priest anaipinga. Njaa haina itikadi. Mitchell mwenyewe alikuwa Republican miaka michache tu kabla. Na aliyempokea kijiti, William Dawson, alikuwa diwani wa Republican, akagombea ubunge kwa chama hicho 1938 akashindwa na huyo huyo Mitchell, kisha akahamia Democrats, na 1942 akachaguliwa. Sisi tunadhani kuhama chama na kupokelewa kwa vigelegele tumekubuni sisi!

Dawson alikaa hadi 1970. Miaka 28. Ni Mweusi wa kwanza kuwa mwenyekiti wa kamati ya kudumu ya Baraza, mwaka 1949, na hilo si dogo. Lakini nguvu zake zilitoka kwenye kile ambacho watu wa Chicago waliita mtambo: chama kinachogawa kazi za jiji, kata kwa kata, mtaa kwa mtaa, na siku ya kura kila balozi anajua idadi yake. Yeye na kata zake walimsaidia Richard Daley kuwa meya 1955. Vijana wa harakati za haki za Weusi walimwona amekaa kimya mno, na nadhani walikuwa na haki. Hata hivyo kumng'oa ilikuwa kazi. Aliondoka alipochoka mwenyewe, akafariki Novemba 1970, siku chache baada ya mrithi wake kuchaguliwa.

Mrithi huyo, Ralph Metcalfe, ndiye ninayempenda kuliko wote katika mlolongo huu, kumzidi hata Obama mwenyewe.

Kama jina unalikumbuka kidogo, ni yule mkimbiaji aliyepata medali ya fedha mita 100 Berlin 1936, nyuma ya Jesse Owens. Kwenye siasa alikuwa mtoto wa mtambo kabisa. Daley alimlea, akawa diwani tangu 1955, akapewa ubunge. Kisha mwaka 1972 polisi wa Chicago wakamdhalilisha rafiki yake, daktari wa meno, mtu mzima mwenye heshima zake. Metcalfe akadai meya achukue hatua. Meya akampuuza. Hapo mzee akakata kamba. Akasema hadharani kuhusu ukatili wa polisi, akaanza kupambana na watu waliomfikisha alipo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, umri ambao wengine wanahesabu mafao.

Mtambo ulilipiza. Walimnyang'anya nafasi za kugawa katani kwake, na 1976 wakamsimamishia mtu wao kwenye mchujo wa chama. Sasa hapa ndipo nilipoacha kunywa chai nikaanza kusoma kwa makini. Kwa sheria zao, mchujo unafanywa na wapiga kura, kwenye vituo, na anayeshinda ndiye mgombea. Hakuna kikao cha juu cha kukata jina. Daley, meya aliyeogopwa nchi nzima, alitumia kila alichokuwa nacho, na Metcalfe akashinda kwa mbali sana.

Sisi tunaita zoezi kama hilo kura za maoni. Angalia jina lenyewe: maoni. Umetoa maoni, asante, vikao vitaamua. Mwaka 2020 tuliona ndani ya CCM walioongoza kura za maoni kwenye majimbo kadhaa wakiachwa na kuteuliwa waliokuwa nyuma yao. Chama kina utaratibu wake na hakikuficha kwamba uamuzi wa mwisho ni wa vikao. Lakini pale ambapo tiketi ndiyo ubunge, mwenye kikao ndiye mpiga kura pekee wa kweli. Fikiria Metcalfe angekuwa chini ya utaratibu huo 1976. Asingefika hata kwenye karatasi. Au, kwa kuwa angelijua hilo tangu mwanzo, 1972 angenyamaza, na rafiki yake angekwenda kuuguza fedheha yake nyumbani. Nina rafiki niliyesoma naye Mlimani anayetaka kuchukua fomu siku moja. Swali analoulizwa na kila mzee anayemwendea ni "nani yuko nyuma yako?" Hajaulizwa hata mara moja watu wa kule wanamjua kwa lipi.

Metcalfe alifariki Oktoba 1978, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, na viongozi wa chama wakajaza nafasi kwa mtu wao, Bennett Stewart, kama ilivyofanyika 1928. Alidumu muhula mmoja. Mchujo wa 1980 akabwagwa na Harold Washington, na 1983 Washington akawa meya Mweusi wa kwanza wa Chicago, akibebwa na wapiga kura wapya zaidi ya 100,000 walioandikishwa. Kiti kikaenda kwa Charles Hayes, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Wimbi hilo hilo la 1983 lilimwingiza Bobby Rush kwenye udiwani. Rush alikuwa mwanzilishi mmojawapo wa tawi la Black Panther Illinois mwaka 1968. Mwaka 1992 akamwangusha Hayes.

Ndiye huyo Obama aliyemvaa. Hesabu zake zilionekana nzuri: Rush alikuwa ametoka kushindwa vibaya umeya 1999. Obama alikuwa seneta wa Illinois, msomi wa Harvard, anafundisha sheria chuo kikuu. Kumbe kwa watu wa pale usomi huo huo ulikuwa ushahidi kwamba ni mtu wa kuja. Kisha Oktoba 1999 mtoto wa Rush akapigwa risasi akafa, na jimbo zima likaomboleza naye. Desemba Obama akakosa kura muhimu ya sheria ya bunduki kwa kuwa alikuwa Hawaii na mwanawe mgonjwa. Rais Clinton akamuunga mkono Rush. Mchezo ukaisha.

Mwaka ule ule alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, akataka kukodi gari, kadi yake ya benki ikakataliwa. Miaka minane baadaye ni Rais mteule, Kenya inatangaza sikukuu, na sisi wa darasa la tatu shuleni kwetu tunabishana kama kabila lake ni Mjaluo au Mmarekani. Tulimwita wetu kwa sababu ya baba. Wale wa Chicago kusini walidai zaidi ya hapo.

Rush alistaafu Januari 2023, baada ya miaka 30. Mchujo wa 2022 ulikuwa na wagombea 17. Yeye alimtaja anayemtaka, na wapiga kura hawakumfuata. Aliyeshinda ni Jonathan Jackson, mtoto wa Mchungaji Jesse Jackson, kwa asilimia kama 28 tu, huku fedha nyingi za matangazo ya kumpigia debe zikitoka kwa kamati za matajiri wa sarafu za kidijitali, watu wasioishi jimboni. Jimbo lenyewe sasa limechorwa upya, linaanzia mitaa ile ya zamani kisha linatokeza nje ya jiji hadi kwenye mashamba ya mahindi. Mwaka 2024 Jackson alichaguliwa tena. Mtambo wa Daley haupo.