Unanunua hema Kariakoo? Anzia chini!

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa nimelala chali kwenye uchochoro wa Kariakoo, ndani ya hema, wapita njia wakiuliza kama nimefukuzwa nyumba. Msomaji wangu, usicheke. Nilikuwa kazini.

Mpwa wangu, kijana wa chuo, anakwenda na mwenzake kupanda milima ya Uluguru, kule Morogoro. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa ndiyo kwanza kapokea zamu yake ya upatu, akamkatia fungu. "Nenda na mjomba wako," akamwambia, "mtu asije akakuuzia shuka akaliita hema."

Mimi nami nina deni. Miaka ya nyuma nilimpeleka kijana huyo huyo Lushoto na hema la bei poa. Usiku wa kwanza mvua ikashuka, maji yakaingilia chini. Mtoto kaamka anatetemeka, asubuhi kifua kimembana. Dada yangu hajasahau mpaka leo.

Basi tukashukia Msimbazi, tukajipenyeza Mtaa wa Congo. Jina lenyewe la Kariakoo ni la mizigo na kambi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, waliopiga kambi hapa baada ya jeshi lao kuitwaa Dar mwaka 1916. Katika vita ile wapagazi wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Sanamu ya Askari pale mjini, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka na wao. Kubeba kizito mchana na kulala kwenye unyevu usiku si mchezo, bwana!

"Karibu mzee wangu, hema la kisasa hili!" Muuzaji wa kwanza alikuwa na hema linalong'aa kama gauni la bi harusi. Nikaomba tulipitishe kwenye mizani ya muuza vitunguu. Kilo nne na nusu!

"Si nitabeba tu, mjomba?" kijana akasema.

"Hapa Msimbazi utabeba. Mlimani utalitukana."

Hema la watu wawili la kubeba mgongoni lisizidi sana kilo mbili na nusu. Hata hizo mnagawana: huyu fito na vigingi, yule kitambaa.

La pili tulilipata kwa muuza mitumba. Fito za alumini, kilo mbili na robo. Hapo ndipo nilipolisimamisha nikalala ndani, kichwa na miguu visiguse kitambaa. Nikavuta zipu mara kumi. Nikaangalia kama paa la nje limeachana na ganda la ndani na kama kuna pa kupumulia, maana pumzi za watu wawili usiku hugeuka maji.

Kisha sakafu, ambayo wengi hawaitazami kabisa. Nikaiinua juani: matundu mawili ya mwiba yakajitokeza, na bei ikashuka hapo hapo. Nikaipapasa. Ikinata, au ikibanduka kama ganda la kitunguu, kimbia! Ule utando wa kuzuia maji umeshaoza. Hii ilikuwa kavu, na matundu mawili yanazibika kwa kiraka na gundi.

Lakini wepesi una gharama yake: sakafu ya hema jepesi ni nyembamba. Inahitaji turubai jepesi la kutandika chini yake. Muuza turubai akataka kutukatia kubwa. "Chukua lizidi kidogo, mzee wangu, si unalinda hema?"

Hapo nikanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyofanya Lushoto. Turubai likatokeza nje ya hema, likakinga maji yote yaliyotiririka kutoka paani na kuyaingiza chini yetu. Nilidhani nalinda sakafu, kumbe nachimba bwawa na kumlaza mtoto wa watu juu yake.

"Lipungue vidole vinne kila upande," nikasema. Kisha nikamwambia kijana ukweli wa Lushoto. Akaniangalia, akacheka. "Kumbe haikuwa hema, mjomba!"

Mengine ni nidhamu tu. Fagia mawe na miiba kabla ya kutandika. Usipige kambi bondeni. Viatu vibaki nje. Ukirudi, futa matope kwa maji matupu, anika kivulini mpaka pakauke kabisa, ndiyo ukunje. Usilifungie kwenye stoo ya bati. Joto la Dar na unyevu wake ndivyo vinavyoozesha ule utando.

Dada alipopiga simu jioni aliuliza swali moja tu: "Safari hii atalala pakavu?" Nikamwambia chini pako sawa.

Ijumaa vijana wanaondoka. Mvua ikigonga bati langu usiku huo, najua sitapata usingizi mpaka asubuhi.